Mchumia juani aliyenyimwa kivuli

Kwa miaka mingi nilipokuwa nikifundisha Historia, kulikuwa na mtu mmoja niliyependa kumtaja kila wanafunzi walipoanza kulegea. Mtu huyo ni Marcus Porcius Cato, Mrumi aliyefariki mwaka 149 K.K. akiwa na umri wa miaka 85. Nilimtaja kuwa kielelezo cha bidii, cha uwekevu na cha kuchukia ubadhirifu wa mali ya umma. Niliwaeleza vijana kwamba alizaliwa katika jamaa isiyokuwa na jina mjini Roma, akapanda kwa jasho lake mwenyewe hadi akashika vyeo vikuu vya dola. Hapakuwa na uongo katika somo hilo. Hata hivyo, sasa nikiwa nimestaafu, nimezisoma upya habari zake kwa macho ya mtu asiyeitwa tena na kengele ya shule, na nimeng'amua kwamba somo langu lilikuwa nusu. Nusu ile niliyoiacha ndiyo ninayotaka kuileta leo mbele ya walimu wenzangu na wanafunzi wao.

Cato alizaliwa mwaka 234 K.K. katika mji wa Tusculum, karibu na Roma, akalelewa katika shamba la babake kwenye nchi ya Wasabini. Jirani na shamba hilo palikuwa na kibanda alichoishi zamani Manius Curius, jemadari mashuhuri aliyepata ushindi mkubwa mara tatu, lakini aliyeendelea kulima kipande chake kidogo cha ardhi kwa mikono yake. Ilisimuliwa kwamba wajumbe wa maadui walimkuta Curius akijipikia mboga mekoni, wakataka kumhonga dhahabu, naye akawafukuza kwa kuwa mtu aliyeridhika na chakula cha namna ile hakuwa na haja ya dhahabu. Kijana Cato alikuwa akienda mara kwa mara kukitazama kibanda hicho, kisha akirudi nyumbani anazidisha kazi na kupunguza matumizi.

Alipofikia umri wa miaka 17 alijiunga na jeshi. Huo ulikuwa wakati wa vita vikali kati ya Warumi na Hannibal, jemadari wa Carthage, aliyekuwa ameingia Italia mwaka 218 K.K. na kuiharibu nchi kwa miaka mingi. Vita vilipotulia kidogo, Cato alirudi shambani. Asubuhi alikwenda katika miji ya karibu kuwatetea watu mahakamani bila kudai malipo. Baadaye alirejea kulima pamoja na watumwa wake. Wakati wa baridi alivaa joho la kazi, wakati wa joto alifanya kazi kifua wazi, na jioni aliketi na watumwa hao, akala mkate ule ule na kunywa mvinyo ule ule. Picha hii, ndugu msomaji, ndiyo niliyoichora ubaoni mwaka baada ya mwaka.

Bwana mmoja wa ukoo wa fahari, Valerius Flaccus, alikuwa na mashamba jirani. Alipozisikia habari za kijana huyu alimwalika, akamsaidia kuhamia Roma na kuingia katika siasa. Tangu hapo Cato hakurudi nyuma. Mwaka 204 K.K. alikuwa mtunza hazina wa jeshi kule Sicily. Mwaka 198 K.K. alipewa kisiwa cha Sardinia akitawale. Magavana waliomtangulia waliwatwika wenyeji gharama za mahema, vitanda, karamu na misafara yao. Cato alikwenda kwa miguu kutoka mji hadi mji, nyuma yake akifuatwa na mtumishi mmoja tu. Aliwafukuza kisiwani wala riba waliokuwa wakiwanyonya raia. Mwaka 195 K.K. akawa konsuli, yaani mmoja wa wakuu wawili wa dola kwa mwaka huo, mwenzake akiwa Flaccus yule yule aliyemfungulia njia.

Cheo kilichompa jina lake la milele alikipata mwaka 184 K.K., alipochaguliwa kuwa sensori. Sensori wawili, Cato na Flaccus tena, walikuwa na kazi ya kuhesabu raia na mali zao, kuwaondoa maseneta wenye mwenendo mbaya na kutoa kandarasi za serikali. Cato aliifanya kazi hii bila kupepesa macho. Aliagiza mavazi, magari na mapambo ya anasa yakadiriwe mara kumi ya thamani yake kabla ya kutozwa kodi. Alikata mabomba ambayo matajiri waliyatumia kuiba maji ya umma na kuyapeleka majumbani na bustanini mwao. Alibomoa nyumba zilizojengwa juu ya ardhi ya umma. Alitengeneza mitaro ya maji machafu na kujenga, kwa fedha za serikali, jumba la kwanza la aina yake mjini Roma la kufanyia biashara na hukumu.

Katika kandarasi ndipo alipowatia watu uchungu zaidi. Siku hizo serikali ya Roma haikukusanya yenyewe sehemu kubwa ya mapato yake, bali iliuza haki ya kukusanya kwa makampuni ya watu binafsi. Vivyo hivyo, kazi za ujenzi zilipewa makandarasi. Cato aliwauzia wakusanyaji kwa bei ya juu kabisa na kuwapa wajenzi malipo ya chini kabisa. Wakubwa wakanung'unika, Seneti ikashawishika, ikaamuru kandarasi zitangazwe upya. Cato alitii, lakini aliwazuia wale waliolalamika wasishiriki tena, akawapa wengine kwa bei iliyopunguzwa kidogo tu. Maadui wa namna hii ndio waliomfikisha mahakamani zaidi ya mara 40 katika maisha yake, naye kila mara alitoka bila hatia. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: ni wachache katika historia ya dunia walioilinda hazina ya umma kwa ushupavu huo.

Basi, ikiwa hali ni hiyo, nililoliacha ni lipi? Niliacha kuuliza ni nani hasa aliyefanya kazi katika mashamba ya mtu huyu aliyesifu kazi, na mwisho wa mfanyakazi huyo ulikuwa upi.

Hatuna budi kuutazama wakati wenyewe. Miaka ile Warumi walipigana vita mfululizo, na kila ushindi ulileta mateka. Mwaka 167 K.K. pekee, watu 150,000 wa Epirus, upande wa Ugiriki, walitiwa utumwani kwa amri moja. Mali iliyotekwa mwaka huo ilikuwa nyingi kiasi kwamba raia wa Roma nchini Italia waliacha kutozwa kodi ya moja kwa moja. Wakulima wadogo nao waliitwa jeshini kwa miaka mingi, na wengi waliporudi walikuta mashamba yao yamekuwa mapori au yamenunuliwa na matajiri. Mjini Roma mwenye fedha angeweza kununua binadamu kama anunuavyo ng'ombe. Katika soko hilo Cato alikuwa mnunuzi makini. Hakutoa zaidi ya vipande 1,500 vya fedha kwa mtumwa mmoja, kwani hakutaka vijana wazuri wa sura wa kupamba nyumba; alitaka wenye nguvu, wachunga farasi na wachunga ng'ombe.

Karibu na mwaka 160 K.K., katika uzee wake, aliandika kitabu kuhusu kilimo. Ndicho kitabu kizima cha nathari cha lugha ya Kilatini kilicho cha zamani zaidi kati ya vyote vilivyotufikia. Ukikisoma utafikiri umeketi na mzee hodari wa shamba. Anaeleza jinsi ya kuchagua ardhi, jinsi ya kushindilia sakafu ya kupuria nafaka, dawa itokanayo na kabichi, mji gani una majembe bora na mji gani una mawe mazuri ya kusagia zeituni. Shamba la mizeituni la ekari zipatazo 150, kwa hesabu yake, latosheka na watu 13, na shamba la mizabibu la ekari zipatazo 60 lahitaji watu 16, akiwamo nyapara na mkewe. Mwenye shamba aishi mjini, lakini afikapo azunguke shamba siku hiyo hiyo, amwite nyapara, na kulinganisha kazi iliyofanywa na siku zilizopita. Nyapara akijitetea kwamba mvua ilinyesha, aulizwe kwa nini mapipa hayakuoshwa, kamba hazikusukwa na samadi haikuzolewa. Akisema ilikuwa sikukuu, aulizwe kwa nini mitaro haikuzibuliwa na barabara haikutengenezwa.

Kisha yafuata mambo ya posho, na hapa hesabu ya mzee ni ya kupimia kwa kibaba. Mtumwa wa kazi za shamba apewe vipimo 4 vya ngano kwa mwezi wakati wa baridi na 4 na nusu wakati wa joto, kipimo kimoja kikiwa takriban lita 9. Nyapara, ambaye hashiki jembe, apewe 3. Watumwa wafanyao kazi wakiwa na minyororo miguuni wapewe mkate: ratili 4 kwa siku wakati wa baridi, 5 waanzapo kupalilia mizabibu, na zirudi kuwa 4 mara tini ziivapo, kwa kuwa watakuwa na tini za kujazia. Kila baada ya miaka miwili mtumwa apate joho na viatu vya mbao; na atoapo nguo mpya, bwana achukue ile kuukuu, viraka vyake vitumike tena. Nyapara akieleza kwamba watumwa waliugua, aambiwe kwamba hapakuwa na haja ya kuwatolea wagonjwa chakula kingi kiasi kile.

Baada ya kukagua hesabu zote, bwana aambiwa auze kilichozidi. Auze mafuta bei ikiwa nzuri, auze mvinyo na nafaka ya ziada. Auze pia ng'ombe wa jembe waliozeeka, mifugo yenye kasoro, sufu, ngozi, gari bovu, vyuma vikuukuu, mtumwa mzee na mtumwa mgonjwa.

Nilikuwa nimeusoma mstari huo nikiwa kijana, ukanipita kama upepo. Niliusoma tena nikiwa na mvi, nikakiweka kitabu chini. Mtumwa mzee ametajwa kati ya chuma kikuukuu na mtumwa mgonjwa, bila hasira wala chuki, kama mtu aandikavyo orodha ya vitu vya kupeleka mnadani. Huyu mzee ndiye aliyeipogoa mizabibu kwa miaka 30. Yamkini ndiye aliyekula mkate mmoja na Cato jioni zile za ujanani. Wahenga walisema mchumia juani hula kivulini. Katika shamba la Cato, aliyechuma juani hakukiona kivuli. Aliyekaa kivulini ni yule aliyeshika daftari.

Yamkini msomaji atanijibu kwamba nampima mtu wa kale kwa mizani ya leo, na kwamba siku zile kila mtu alifanya hivyo. Hoja hii ni nzito, nami nisingethubutu kuipuuza. Lakini watu wa kale wenyewe hawakuwa na nia moja juu ya jambo hili. Plutarch, Mgiriki aliyeandika maisha ya Cato takriban miaka 250 baada ya kifo chake, alimsifu kwa mengi, lakini alipofika hapa alisita. Aliona kwamba kumtumia mtu kama punda wa mizigo na kumuuza azeekapo ni alama ya moyo mgumu, kana kwamba hakuna kifungo kati ya mtu na mtu isipokuwa faida. Alikumbusha jinsi Waathene, walipokuwa wakijenga hekalu lao kuu, walivyowaachilia huru nyumbu waliochoka wajilishe wapendavyo. Nyumbu mmoja alirudi kwa hiari yake akawa akitembea mbele ya wenzake waliokuwa wakikokota mizigo, kana kwamba anawatia moyo, na raia wakaamua alishwe kwa gharama ya umma hadi afe. Plutarch alisema kwamba yeye binafsi asingemuuza hata ng'ombe mzee aliyemlimia, sembuse binadamu mzee. Alitaja pia farasi aliyempanda Cato vitani Uhispania: konsuli alimwacha huko huko ili asiitwike serikali nauli ya kumsafirisha. Je, huo ulikuwa ukuu wa roho au ubahili? Plutarch alimwachia msomaji aamue.

Kuna na jambo la riba. Mwanzoni mwa kitabu chake Cato anawasifu mababu kwa kuwa katika sheria zao mwizi alilipa mara mbili ya alichoiba, lakini mla riba alilipa mara nne. Anakiri kwamba biashara huleta faida ila ina hatari, na anashikilia kwamba wakulima ndio watokao askari jasiri. Lakini nyani haoni kundule. Alivyoendelea kuzeeka aliona kilimo ni burudani kuliko pato, akaziweka fedha zake katika mabwawa ya samaki, chemchemi za maji moto, mahali pa kusafishia nguo, malisho na misitu. Fauka ya hayo, alikopesha fedha kwa biashara ya baharini, mkopo uliojulikana kwa riba yake kubwa. Sheria ya mwaka 218 K.K. iliwakataza maseneta kumiliki vyombo vikubwa vya baharini. Cato aliwataka wakopaji waungane watu 50 wenye vyombo 50, naye akachukua hisa moja kwa jina la Quintio, mtumwa wake wa zamani aliyeachwa huru, ambaye alisafiri nao kulinda maslahi ya bwana. Hivyo chombo kimoja kikizama, mali yake haikuzama. Hata watumwa wake aliwakopesha fedha wanunue vijana, wawafunze kazi kwa mwaka mmoja, kisha wawauze kwa faida.

Nisije nikaonekana namnyima mtu huyu utu. Nyumbani alikuwa baba wa ajabu. Mwanawe alipozaliwa, ni kazi za dola tu zilizoweza kumzuia Cato asiwepo mtoto akiogeshwa. Alikuwa na mtumwa msomi aitwaye Chilo aliyefundisha watoto wengi, lakini hakutaka mwanawe avutwe sikio na mtumwa, wala awiwe na mtumwa deni kubwa kama la elimu. Kwa hiyo alimfundisha mwenyewe kusoma, sheria, kupanda farasi na kuogelea, akamwandikia historia ya Roma kwa herufi kubwa kwa mkono wake. Mkewe aliwanyonyesha watoto wa watumwa ili wakue wakimpenda mwanawe kama ndugu. Tazama basi: maziwa ya mama yaligawiwa wote, lakini mmoja wao alikua akawa bwana, na wale wengine majina yao yakaingia katika daftari la mali.

Safari yake ya mwisho ya maana ilimleta Afrika. Akiwa na umri wa miaka 80 hivi alipelekwa na Seneti hadi Carthage, katika nchi ambayo leo ni Tunisia. Alitarajia kukuta mji uliovunjika kwa kushindwa. Alikuta mashamba yaliyostawi, bandari yenye shughuli na watu wenye mali. Aliporudi aliwaonyesha maseneta tini mbichi zilizochumwa huko, kuwakumbusha jinsi adui alivyo karibu, na tangu siku hiyo kila hotuba yake, hata iwe juu ya jambo jingine kabisa, aliimaliza kwa kutaka Carthage iangamizwe. Alifariki vita vilipoanza. Mwaka 146 K.K. mji ulichomwa moto, na maelfu kwa maelfu ya watu wake wakauzwa. Maktaba zake Warumi waliwapa wafalme wa Afrika waliokuwa jirani, isipokuwa kazi moja: vitabu 28 vya Mago wa Carthage juu ya kilimo, ambavyo Seneti iliamuru vitafsiriwe kwa Kilatini. Elimu ya Mwafrika wa Carthage juu ya shamba ilithaminiwa. Aliyeilima ardhi hiyo alipelekwa sokoni.

Yaliyofuata hayakuwa bahati mbaya. Mwaka 135 K.K. watumwa wa Sicily walifanya maasi makubwa yaliyodumu kwa miaka. Mwaka 133 K.K. Tiberius Gracchus aliuawa kwa kutaka ardhi ya umma igawiwe wananchi waliopokonywa riziki. Mwaka 73 K.K. Spartacus aliitikisa Italia nzima. Sisemi kwamba Cato peke yake ndiye aliyeyaleta hayo. Nasema tu kwamba mfumo aliousimamia kwa ustadi mkubwa ulihesabu kila kitu, ila moyo wa mtu aliyekuwa akihesabiwa.

Walimu wenzangu, siwashauri mumfute Cato katika masomo yenu. Endeleeni kuwasimulia vijana habari za mabomba yaliyokatwa na gavana aliyetembea kwa miguu, maana tunazihitaji. Lakini mkishamaliza kuwasifia bidii, waambieni wafungue orodha ile ya vitu vya kuuza, waisome polepole hadi wafike kwa mtumwa mzee, kisha muwaulize mzee huyo aliwahi kukosa nini. Mimi sikuwahi kuwauliza wanafunzi wangu swali hilo. Nilikuwa bado na nguvu, na daftari la Cato halikuwa limenifikia.